Picha 12 za samaki wa ziwani ziko tayari: nizipangeje ziwe kitabu cha watoto?

Bi_Furu (Nyegezi)

Wakuu, habari za jioni. Nina hadithi ya watoto wa miaka 5 hadi 7 kuhusu samaki wa ziwa letu, Victoria, na picha zake 12 zimeshachorwa. Kila picha ina upana wa sm 42 na kimo cha sm 29.7, yaani A3 iliyolazwa. Rangi ni za mafuta, zile za kung'aa, juu ya hadibodi, kwa mtindo wa Tingatinga kama anavyofanya John Kilaka kwenye vitabu vyake vya wanyama. Katika hadithi, sangara ni mfalme wa ziwa tangu enzi za mababu, na anazunguka akitafuta nani kamwibia taji. Kila picha ina maandishi kama mistari sita.

Nataka nakala 200, za kupigwa pini katikati. Kiwe na kurasa ngapi? Saizi gani haipotezi karatasi? Picha nizipige kwa simu au nitafute skena? Na maneno mangapi yanatosha ukurasa mmoja? Nimesoma kwamba Dr. Seuss, yule mwandishi wa Kimarekani wa vitabu vya watoto, alimaliza kitabu kizima kwa maneno 50, nikayatazama yangu nikakata tamaa.

---

Fundi_Gilotini

Dada, anza na mkunjo. Kitabu cha pini ni karatasi zilizokunjwa mara moja na kupachikwa moja ndani ya nyingine, na kila karatasi inatoa kurasa 4. Kwa hiyo hesabu yako lazima igawanyike kwa 4: 20, 24, 28, 32. Ukipeleka kurasa 26, utarudishiwa kitabu chenye kurasa 2 tupu mwishoni, au utaambiwa ukate hadithi ukiwa umesimama kaunta.

Kwa picha 12 chukua kurasa 24 za ndani, na jalada mbali. Ukurasa wa 1 uko peke yake kulia: huo ni wa jina la kitabu. Halafu 2 na 3 zinatazamana, 4 na 5, hivyo hivyo hadi 22 na 23. Hizo ni jozi 11. Ukurasa wa 24 unabaki peke yake kushoto. Picha 11 zinaingia kwenye jozi, ya 12 inafunika jalada lote, mbele na nyuma. Chagua ile ambayo mhusika yuko nusu ya kulia, maana kulia ndiyo mbele. Habari za hakimiliki na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) zisikae ukurasa wa 2 zikala nafasi ya picha, ziweke upande wa ndani wa jalada.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulijua kitabu kikishatoka mashineni. Katika jozi zote 11 ni moja tu, ya 12 na 13, iliyo kwenye karatasi moja isiyokatika. Nyingine zote, nusu ya kushoto na nusu ya kulia zinachapwa kwenye karatasi mbili tofauti na kukutanishwa na pini. Zikipishana milimita moja tu, jicho la sangara lililopita katikati linakuwa macho mawili. Maji, majani na anga vipite kwenye mkunjo bila wasiwasi. Uso, mkono na herufi visikaribie mkunjo kwa sm 1.5 kila upande. Kama una picha moja ambayo samaki mkubwa amelala katikati na huwezi kumhamisha, ipange ikae 12 na 13.

Saizi: picha zako zina uwiano uleule wa A5 (nusu ya A4) mbili zilizosimama bega kwa bega, basi kitabu cha A5 kilichosimama kinazipokea bila kukata kitu. Karatasi ya SRA3 (mm 450 kwa 320) inabeba jozi mbili za A5 pamoja na ziada ya kukatia ya mm 3 kila upande. Kila kitabu kitakula karatasi 3 za ndani na nusu karatasi ya jalada. Nakala 200 ni karatasi 600 na 100, ongeza kama asilimia 5 za kuharibika. Ukitaka A4 iliyosimama, karatasi ni mara mbili kamili, na picha zako zitapungukiwa ziada ya kukatia mpaka uzikuze kidogo, asilimia 102 hivi. Kile cha mraba kinapendeza, lakini kwa mraba wa sm 21 utakata karibu sm 9 za kimo cha kila picha. Usikiguse.

Ndani tumia karatasi ya gramu 130 au 150 (uzito kwa mita ya mraba) isiyong'aa. Gramu 80 picha ya nyuma inaonekana mbele, na karatasi ya kung'aa inamrudishia mtoto mwanga wa dirishani usoni. Jalada gramu 250 hadi 300, na lazima lipigwe mstari wa mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa, la sivyo rangi inapasuka mgongoni na mstari mweupe unatokea siku ileile. Uliza pia mkunjo unafuata uelekeo wa nyuzi za karatasi au unazikata. Ukizikata, kitabu hakilali, kinajifungua chenyewe kama mdomo wa kamongo.

Kwa nakala 200 nenda dijitali, mashine inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili. Ofseti, ile ya kuchapa kwa sahani, inataka sahani 4 kwa kila upande wa karatasi, na gharama ya sahani ni ileile uchape 200 au 2,000.

---

Kibao_na_Rangi

Kuhusu kupiga picha. Rangi ya mafuta inang'aa na hadibodi mara nyingi imepinda kidogo, kwa hiyo skena ya A4 itakusumbua: utapiga vipande viwili, uviunganishe, na kile kilichoinuka kioo hakikioni sawasawa. Simu inatosha kwa A5. Jozi moja pamoja na ziada ni mm 303 kwa 216. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 3,579 kwa 2,551. Kamera ya megapikseli 12 inatoa 4,000 kwa 3,000, ilimradi picha ijaze fremu. Kwa A4 ungehitaji 5,031 kwa 3,579, hapo simu hiyo haifiki.

Simamisha kibao wima ukutani, simu ikitazama katikati yake sawasawa. Kama pembe za picha si za mraba kwenye kioo, umeinamisha simu. Simama mbali kidogo na usitumie lenzi pana, inapinda kingo. Barazani kwenye kivuli, saa nne asubuhi yenye mawingu, ni pazuri kuliko taa ya sebuleni. Ukitumia taa, ziwe mbili zinazofanana, moja kila upande, zikimulika kwa pembe ya digrii 45. Taa moja ya mbele itaacha doa jeupe juu ya kila tone la rangi. Flashi zima kabisa.

Usiitume picha kwa WhatsApp kama picha, inaminywa. Itume kama faili, au ipeleke kwa flashi diski.

Na rangi ya ziwa. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo bluu kali itafifia tu. Kibaya zaidi ni pale wino wa majenta (mwekundu wa waridi) unapokaribia ule wa samawati kwa kiwango: maji yanakuwa zambarau. Acha pengo la asilimia 30 hivi kati ya hizo mbili. Lipia ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ileile na mashine ileile, uutazame nje mchana. Maandishi yawe nyeusi tupu, yasichanganywe na rangi nyingine tatu, maana zikipishana kidogo tu kila herufi inaota kivuli.

---

Mwl_Silabi

Hayo maneno 50 ya Dr. Seuss, kitabu cha mwaka 1960, ni maneno 50 *tofauti* yanayorudiwarudiwa, na 49 kati yake ni ya silabi moja. Kiingereza kinaruhusu. Kwetu "hawajatuletea" ni neno moja, silabi saba. Ukihesabu maneno utajidanganya, hesabu silabi.

Kwa anayeanza kusoma, sentensi isiyozidi silabi 12, sentensi mbili kwa jozi, basi. "Taji liko wapi? Sato hajui." Hiyo inasomeka. "Sangara alipowauliza waliokuwepo" mtoto anafika katikati ameshasahau mwanzo, na hapo lawama si yake, ni ya viambishi. Mistari yako sita iachie vitenzi na swali, yale ya "maji ya buluu yenye kumetameta" picha imeshayasema. Na swali likae ukurasa wa kulia, jibu lipatikane baada ya kufunua. Ukiliweka jibu kwenye jozi ileile, jicho linalipata kabla ya kusoma.

Herufi pointi 20 hadi 24, fonti ambayo "a" yake inafanana na ile ya ubaoni. Usikate neno mwisho wa mstari. Zima usahihishaji wa Kiingereza kwenye kompyuta, unageuza maneno kimyakimya. Na usichore maandishi ndani ya picha: yakikaa kwenye faili peke yake, kesho ukitaka toleo la Kisukuma unabadilisha nyeusi tu.

---

Dagaa_Mbichi (Igombe)

Kidogo tu kuhusu samaki, watoto wa huku watakucheka. Sangara alipandwa ziwani miaka ya 1950, huyo mfalme wa "enzi za mababu" anatoka wapi? Wenyeji ni furu, na wengi walipotea sangara alipozidi miaka ya 1980. Mwizi wa taji ni mfalme mwenyewe, hadithi si hiyo hapo?

Hakikisha pia: sangara ana mapezi mawili ya mgongoni yanayokaribia kuachana na mkia wa mviringo. Sato ana pezi moja refu na mistari ya wima mkiani. Dagaa hazidi sm 9, usimchore sawa na sato. Na kama kuna picha ya wavuvi wa dagaa na taa zao, ondoa mbalamwezi. Taa ni za usiku wa giza.

---

Bi_Furu (Nyegezi)

Asanteni sana. Mbalamwezi ipo, tena kubwa, naifuta leo. Mfalme mwizi nimekubali, inabidi nibadilishe picha mbili. Fundi, jalada nilifunike kwa nailoni au niache? Na ISBN napata wapi?

---

Fundi_Gilotini

Funika, mikono ya watoto ina mafuta ya dagaa. Lakini ujue nailoni ya upande mmoja inafanya jalada lijikunje: upande wa ndani unanyonya unyevu na kutanuka, wa nje hautanuki. Masika ndiyo mbaya zaidi. Chukua nailoni nyembamba isiyong'aa, vitabu vikitoka vilaze juu ya mbao vikandamizwe siku mbili, visikae sakafuni wala visisimamishwe. Kurasa za katikati zitasogea nje karibu mm 1 na gilotini (mashine ya kukatia karatasi) itazikata, kwa hiyo herufi zikae mm 10 kutoka ukingoni.

ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe mapema, kwa sababu namba inatakiwa iwe kwenye faili kabla ya kuchapa. Ukifikiria kuuza mashuleni, waulize Taasisi ya Elimu Tanzania kabla hujachapa hata nakala moja.

Ila kwanza kabisa chukua karatasi 7 za A4, zikunje, piga pini, andika namba za kurasa kwa penseli na chora vijiti tu mahali pa samaki. Nenda nacho hicho matbaa pamoja na faili. Fundi akipanga vibaya, utamwonyesha kwa kidole.