Naomba ushauri: nimejiunga na chama cha wafanyabiashara, oda sizioni

Habari zenu wakuu. Ninashona ovaroli na sare za kazi hapa Morogoro, nina vyerehani vinne. Mwaka jana nililipa ada ya chama kimoja cha wafanyabiashara nikitegemea kupata oda za viwandani na mahotelini. Mikutano nimehudhuria yote, kadi za biashara nimegawa, namba za simu nimekusanya nyingi. Oda iliyotoka humo ni moja tu, aproni sita. Inaniuma, maana kazi yangu ni nzuri na mafundi wananitegemea.

Nikitafakari, naona wengi mle ni wauzaji kama mimi. Maofisa manunuzi hawaji. Sasa nafikiria TCCIA mkoa, yaani chemba ya biashara, viwanda na kilimo. Najua wanatoa vyeti vya uasili wa bidhaa kwa wanaouza nje, ila soko langu ni la ndani. Au niwafuate wakandarasi na wenye hoteli kwenye vyama vyao, hata kama mimi si mwenzao? Na ukishachukua namba ya mtu, unampigia baada ya siku ngapi asikuone msumbufu?

Aliyewahi kupata wateja kwa njia hii, naomba aniambie alianzaje. Ada ya mwaka huu natakiwa niilipe mwisho wa mwezi.