Neno moja la Kiingereza limenigharimu dola 295, na chuoni nilifundishwa maana yake ni "meza" basi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na bando lenyewe ni la saa moja.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii hapa Arusha, mwaka wa sita huu. (Ndiyo, mtaani tunaitana "gaidi", na siku bibi yangu kule Meru aliposikia mjukuu wake ni gaidi alikaa chini kwanza. Hilo lina uzi wake.) Wiki iliyopita nilikuwa na familia ya Wamarekani, watu wanne. Tumetoka Tarangire, tumelala Karatu, kesho yake ratiba inasema kushuka kreta ya Ngorongoro. Saa tatu usiku mama wa familia ananitumia ujumbe WhatsApp: "Let's table the crater for now."

Nikausoma mara tatu. "Table" chuoni ni meza. Ila kuna mteja wangu wa zamani, Mwingereza, aliwahi kuniambia kwamba kwenye vikao vya kwao "to table" ni kulileta jambo mezani lishughulikiwe. Na "now" hata mtoto wa chekechea anajua ni sasa. Kwa hiyo: kreta iletwe mezani, sasa hivi. Nikamtumia bosi ujumbe wenyewe. Bosi akausoma, akasema hawa wana haraka, lipia usiku huu huu. Namba ya malipo ikatoka, ada ya gari kushuka kreta ikalipwa, dola 295 pamoja na VAT.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo mbele ya lodge, tenki limejaa, lanchi boksi tano ziko nyuma. Kimya. Saa mbili kasoro mama anatoka na ndala na kikombe cha kahawa, ananiuliza kulikoni.

Kumbe kwa Wamarekani "table" ni kuahirisha! Na "for now" ni kwa muda huu tu, mpaka tutakapoona vinginevyo. Alikuwa ananiambia watoto wamechoka, kreta tuiache kwanza.

Hebu niambieni, neno lile lile, Uingereza linaleta jambo mezani, Marekani linaliondoa mezani, halafu hii inaitwa lugha ya kimataifa? Nimekuja kusoma baadaye kwamba hata Churchill, waziri mkuu wa Waingereza enzi hizo, ameandika jinsi maofisa wake walivyobishana na wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya neno hili hili, na mwisho wakagundua wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Majenerali wamegombana, sembuse mimi wa Ngaramtoni? Tofauti ni kwamba wao hakuna aliyewakata hela. Mimi bosi ameshasema atakata kidogo kidogo safari tatu, kwa kuwa "kosa la lugha ni lako". Bosi yule yule aliyeusoma ujumbe kabla ya kulipa!

Ila aliyenikera zaidi ya bosi ni chuo. Nililipa ada ya mwaka mzima, nikajaza daftari lenye mstari katikati: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, neno kwa neno. Run, kimbia. Fine, nzuri. Tip, bakshishi. Mtihani ukaja hivyo hivyo, nikapata A. Nikaingia kazini, mgeni namkaribisha maji anasema "I'm fine", nami namimina, kumbe amekataa. Mwingine anasema pua yake "is running", mwingine gari "is running well", mwingine anauliza kama mimi ndiye nina-"run" kampuni, mwingine maji "we've run out". Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakimbia! Na "tip" ni bakshishi, ni ncha ya kitu, ni dokezo, na kwa Waingereza ni jalala pia. Nimempigia mwalimu, anacheka, anasema hayo mengine ni ya kujiongeza. Nijiongeze kwa ada ya nani?

Na wanajua. Ile kamusi yao kubwa ya Oxford, toleo la 1989, juzuu 20, neno "set" ndilo lililochukua nafasi kubwa kuliko yote. Sasa hivi wahariri wake wenyewe wanasema "run" imelipita, na kama kitenzi tu wamehesabu maana 645. Mia sita arobaini na tano! Mimi nilipewa moja.

Najua kuna mjuaji atakuja hapa chini kuniambia hata Kiswahili kina kaa, panda na paa. Sawa mkuu, lakini "paa huyu amekimbia" na "paa hili linavuja" nani atachanganya? Kiswahili kikikupa neno lenye sura mbili, kinakupa na huyu, hili, linavuja, amekimbia, unajua umeshika lipi. Meza yenyewe ni ya kulia chakula na ni kumeza dawa, ila ukisikia "nimemeza" huendi kutafuta fundi seremala. Kiingereza kinachukua meza hiyo hiyo, hakiiongezi hata herufi, kinaifanya kitenzi, na wewe utajua mwenyewe. Aliyemeza ni mimi, dola 295.

Na kwa nini kila siku anayetakiwa kuelewa ni mimi? Yule mama ni mtu mzuri, amesikitika, bakshishi ameacha ya kutosha. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba ukiandikia mtu aliyejifunza lugha yako kwenye daftari la mistari, andika tu "not tomorrow".

Sasa naombeni msaada wa haraka, hasa mliokaa nje. Jumamosi napokea wazee wawili, mmoja Mwingereza, mke wake Mmarekani. Nimewatumia ratiba, wamejibu kwamba ni "quite good". Ninavyosikia, Mmarekani akisema hivyo amefurahi sana, Mwingereza akisema hivyo anamaanisha afadhali tu. Barua pepe ni moja na hawajasaini aliyeandika ni nani. Nibadilishe lodge au niache?