Ukaguzi wa umahiri kwa marubani wa helikopta: je, wa Machi na wa Mei unatosha kwa mwaka mzima?

Rubani wa Meru aliuliza:

Ndugu marubani na wakufunzi, salamu kwenu nyote. Nina leseni ya urubani wa biashara, ninarusha helikopta aina ya H125 kutoka Arusha, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini; mafunzo yangu ya awali niliyapata kwenye helikopta ya aina nyingine, R44. Kazi yetu kubwa ni kupeleka watalii kambini, na mara kwa mara kuwashusha wagonjwa kutoka mlimani.

Mwezi Machi nilifanya ukaguzi wa umahiri nikafaulu. Sasa mpanga ratiba wetu ameniarifu kwamba ukaguzi wa pili wa mwaka nitaufanya Mei, kwa hoja kwamba wakati wa masika helikopta hukaa bandani bila kazi, ilhali Septemba ni msimu wa wageni na hakuna saa ya kupoteza. Kwa hesabu yake, kaguzi mbili ni kaguzi mbili, ziwe zimeachana miezi sita au miezi miwili. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

La pili linanisumbua zaidi. Katika ukaguzi ule wa Machi nilipewa zoezi moja tu la kushuka bila nguvu ya injini, yaani otorotesheni, na mkaguzi alinitangazia mapema kwamba tukifika usawa wa kibanda cha zimamoto ataishusha injini hadi mzunguko wa chini. Alipofanya hivyo niliteremsha wenzo wa kushoto, ule unaobadilisha pembe ya mapangaboi, kwa wakati, mapangaboi yakashika mzunguko wake, tukarudisha nguvu tukiwa futi chache juu ya ardhi, na fomu ikaandikwa kwamba nimefaulu. Lakini mimi ninajua kwamba mguu uliotangulia kusukuma pedali za kugeuza pua ulikuwa wa kulia. Pua ilizunguka kwa nguvu nisiyoitarajia, na ingawa nilisahihisha ndani ya sekunde chache, nilirudi nyumbani bila amani. Kufaulu kwa namna hiyo kuna maana gani?

Mkufunzi wa Wilson alijibu:

Ndugu yangu, nianze na swali la kwanza kwa sababu jibu lake limeandikwa. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, katika sehemu yake ya tatu inayohusu helikopta, kinamtaka mwendeshaji, yaani kampuni inayorusha helikopta, ahakikishe kwamba umahiri wa rubani unapimwa mara mbili ndani ya kipindi chochote cha mwaka mmoja, kisha kinaongeza sharti ambalo wapanga ratiba wengi hulisoma kwa jicho moja: kaguzi mbili zinazofanana, zikifanyika ndani ya miezi minne mfululizo, hazitoshi peke yake kutimiza takwa hilo. Angalia pia neno "chochote". Halizungumzii Januari hadi Desemba. Ukisimama siku yoyote na kutazama nyuma miezi kumi na miwili, ni lazima uzione kaguzi mbili zilizoachana vya kutosha. Nchi za Afrika Mashariki zimejenga kanuni zake juu ya msingi huo huo, na wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga, CASSOA, ulioko Entebbe, una kazi ya kuzioanisha. Hata hivyo kitakachokufunga wewe ni kanuni za Tanzania pamoja na Sehemu D ya kitabu cha uendeshaji cha kampuni yenu, ambayo ndiyo inayohusu mafunzo. Ifungue uisome mwenyewe kabla hujabishana na mtu.

Lakini usimkatalie mpanga ratiba haraka. Iwapo anauona ukaguzi wa Mei kuwa wa mwisho kwa mwaka huu, amekosea. Iwapo anataka kuihamisha kalenda yako, yaani ufanye Mei kisha Novemba, na kuanzia hapo uendelee hivyo kila mwaka, basi wazo lake ni zuri kuliko alivyolieleza, kwa sababu masika na vuli vimeachana takriban nusu mwaka na vyote viwili ni nyakati ambazo wageni hupungua. Mwombe aandike tarehe ya Novemba leo, wala si baadaye. Wenzetu wa Ulaya wamelitatua jambo hili kwa namna yao: ukaguzi wa mwendeshaji unadumu miezi sita, na rubani anayeufanya ndani ya miezi mitatu ya mwisho huhesabiwa kipindi kipya kuanzia siku ambayo ule wa zamani ungekwisha, hivyo hapati hasara kwa kuwahi.

Usichanganye ukaguzi huu na mingine. Upo wa kuhuisha idhini ya aina ya helikopta katika leseni yako, ambao ni shauri lako na mamlaka, na upo wa njiani, ambapo mkaguzi huketi na kukutazama ukifanya kazi ya kawaida ya siku bila kukukatia chochote. Mara nyingi wa leseni na wa mwendeshaji hufanywa katika safari moja ili kuokoa mafuta, na ndipo watu wanaposahau kwamba ni vitu viwili.

Sasa huo mguu wa kulia. Rota kuu ya R44, ukiitazama kutoka juu, huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na injini ikikatika pua hukimbilia kushoto, kwa hiyo mwalimu wako alikufundisha mguu wa kulia mpaka ukawa sehemu ya mwili wako. H125 ni ya Kifaransa na rota yake huzunguka kufuata mishale ya saa. Injini ikikatika pua hukimbilia kulia, na mguu unaotakiwa ni wa kushoto. Wewe ulifanya sawasawa kile ulichofundishwa, ila kwenye mashine isiyo yake. Uliongeza kosa juu ya mzunguko uliokuwa tayari unaelekea huko huko, na ndiyo maana ulishangaa. Nimewaona marubani wenye saa nyingi kuliko zako wakifanya vivyo hivyo, tena baada ya miaka, kwa sababu mazoea ya kwanza hayafi. Hulala tu, na hofu ndiyo inayoyaamsha.

Kuna jambo jingine ambalo otorotesheni moja haikuweza kukuonyesha. Uwanja wa Arusha uko juu ya futi 4,500 kutoka usawa wa bahari, na adhuhuri ya joto hewa yake ni nyepesi kuliko hiyo namba inavyosema. Katika hewa hiyo, wenzo ukiwa chini kabisa, mapangaboi huelekea kuzunguka kasi zaidi, hivyo baada ya kuuteremsha haraka utalazimika kuunyanyua kidogo ili usivuke mpaka wa juu. Helikopta hushuka kwa kasi kubwa zaidi, na kwa mwendo ule ule wa noti 65 kwenye kipimo, ardhi inapita chini yako kwa kasi zaidi kuliko Dar es Salaam. Rubani aliyezoea zoezi la saa moja asubuhi, peke yake na mkaguzi, mafuta nusu tangi, hajaionja helikopta yenye watalii wanne na mizigo yao saa nane mchana.

Fundi wa bandani alijibu:

Mimi si rubani, lakini nina miaka mingi nikizipokea helikopta zinaporudi kutoka kwenye hizo kaguzi, na ninaomba niseme machache.

Usimlaumu mkaguzi kwa kutokufikisha hadi ardhini. Otorotesheni ya kugusa ardhi kabisa, ikikosewa kidogo tu, huinamisha miguu ya helikopta, na ikikosewa zaidi, panga hufika kwenye mkia. Waendeshaji wengi wameamua kwamba hasara ya mazoezi ilikuwa inazidi faida yake, nami sibishani nao. Ila kurudisha nguvu nako kuna hatari yake: rubani akichelewa kisha akauvuta wenzo kwa pupa, gia kuu hupata mzigo uliovuka mpaka. Katika H125 skrini ya vipimo vya injini, VEMD, huhifadhi kumbukumbu ya mipaka iliyovukwa, nami huisoma kila jioni ya ukaguzi. Ninachowaomba marubani ni kuniambia kabla sijaisoma. Mara moja niliwahi kukuta kumbukumbu ya namna hiyo siku iliyofuata, wakati helikopta ilikuwa tayari imepangiwa abiria wa asubuhi, na aliyefanya alikuwa kimya kwa kuogopa kwamba fomu yake ingebadilishwa.

Kapteni aliye ughaibuni alijibu:

Shikamooni wakubwa. Ninarusha helikopta ya wagonjwa hapa Marekani, kwa hiyo nitachangia kutoka upande huu. Huku, rubani wa kukodiwa chini ya Fungu la 135 la kanuni za anga za Marekani hupimwa umahiri kila baada ya miezi 12, na wa njiani vilevile kila miezi 12. Kama anaruka kwa vyombo, yaani ndani ya mawingu kwa idhini, huongezewa ukaguzi wa vyombo kila miezi sita. Anaruhusiwa kuwahi au kuchelewa mwezi mmoja, na huhesabiwa kuwa ameufanya katika mwezi uliostahili.

Ninalotaka kuongeza ni kwamba mnazungumzia sana injini, ilhali injini za siku hizi hukatika mara chache. Kinachotuua huku ni kuingia mawinguni bila kukusudia. Baada ya ajali nyingi za helikopta za wagonjwa, kanuni iliyotangazwa Februari 2014 ilitaka kila ukaguzi wa umahiri unaofanywa kwenye helikopta uhusishe rubani kuiendesha kwa kutazama vyombo pekee na kuitoa salama hadi mahali anapoona. Ni hatua nzuri, lakini tazameni yaliyotokea tarehe 26 Januari 2020 huko Calabasas, California, pale Sikorsky S-76B iliyombeba Kobe Bryant ilipoanguka na kuua watu wote tisa. Rubani alikuwa na idhini ya vyombo na mwaka uliotangulia alikuwa amepata mafunzo ya kujinasua mawinguni. Dakika ya mwisho alimwambia mwongoza ndege kwamba anapanda hadi futi 4,000, kumbe helikopta ilikuwa inashuka. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, walihitimisha kwamba chanzo kilikuwa uamuzi wake wa kuendelea na safari ya kuona kwa macho ndani ya hali isiyoruhusu kuona, ukafuatwa na kupotewa na mwelekeo.

Katika ukaguzi, mkaguzi hukuvalisha kifuniko cha macho na kukuambia, "Sasa umeingia mawinguni." Unatulia, unanyoosha mabawa ya kipimo cha mlalo, kile kinachoonyesha kama helikopta imeinama, unapanda, unageuka, unafaulu. Hapimi zile dakika kumi kabla ya hapo, wakati ukungu unateremka, abiria wamechelewa, na wewe unajiambia kwamba nyuma ya kilima kile patakuwa peupe. Hapo ndipo ninapoipa simuleta, mashine ya ardhini inayoigiza urukaji, heshima yake, kwa kuwa inaweza kukufungia bonde kidogo kidogo mpaka uamue mwenyewe kugeuka au kutua shambani kwa mtu, na ukichelewa hakuna anayezikwa. Ina mapungufu, kiti hakikusukumi kama helikopta halisi, na miguu hudanganyika. Kama kampuni inaweza kumudu, simuleta iwe kwa maamuzi na kwa kugusa ardhi, na helikopta halisi iwe kwa mikono na miguu.

Rubani wa Meru aliandika tena:

Ninawashukuru sana. Nimeisoma Sehemu D jana usiku na nimekuta sharti la miezi minne limo, karibu kwa maneno yale yale ya Mkufunzi wa Wilson. Mpanga ratiba amekubali Novemba na ameiandika. Lakini sina simuleta karibu, na bosi hataidhinisha safari ya nje mwaka huu. Ninaomba ushauri: kama ukaguzi wa Mei hauhesabiki peke yake, niutumieje ili usiwe ni kuchoma mafuta tu?

Mkufunzi wa Wilson alijibu:

Uombe ugawanywe mara mbili. Saa ya kwanza iwe mafunzo, isiwe na fomu ya kufaulu wala kufeli, na mkufunzi awe mtu mwingine, si yule atakayekukagua; ukifundishwa na mkaguzi wako, nyote wawili mtaona haya kukubali kwamba bado hujui. Katika saa hiyo asikutangazie chochote. Akukatie nguvu ukiwa unaongea na mwongoza ndege, akukatie ukiwa unageuka, mradi daima pawepo uwanja chini yenu na mikono yake iwe karibu na mitambo. Mpelekane saa saba mchana, mkiwa na uzito wa kazi. Saa ya pili ndiyo iwe ukaguzi.

Kabla ya siku hiyo, kuna zoezi lisilogharimu hata lita moja ya mafuta. Keti kwenye helikopta ikiwa bandani, umeme ukiwa umezimwa, na umwombe fundi asimame mlangoni na kukupigia kofi mgongoni wakati usioutegemea. Kila akipiga, teremsha mkono wa kushoto na usukume mguu wa kushoto, kwa pamoja, huku macho yakitafuta mahali pa kutua. Fanya mara ishirini kila asubuhi kabla ya ukaguzi wa kabla ya kuruka. Mimi nilihama kutoka Bell 206, ambayo nayo huzunguka kama R44, na niliifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza mguu wa kulia uliendelea kutangulia, na ndiyo sababu sikukucheka ulipoeleza habari zako.

Fundi wa bandani alijibu:

Kofi nitapiga mimi, Kapteni. Niambie tu tunaanza lini, ila viatu vya matope viachwe nje.