Nyumba ya zamani Old Kampala, ukuta unatoa unyevu: nipige plasta ya simenti?

Mpangaji_Mtelemkoni
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, ya miaka ya 1930, ukuta wa sentimita 23. Rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno na unga mweupe unatoka. Plasta ya simenti iliyopigwa zamani imeachana na tofali, na udongo kati ya matofali unachimbika kwa msumari. Fundi anataka kubandua, apige simenti nzito yenye dawa ya kuzuia maji, kisha vigae hadi kiunoni. Mwenye nyumba amekubali gharama ikatwe kwenye kodi. Tuendelee?

Fundi_Chokaa
Msiendelee. Simenti na vigae haviondoi maji, vinayafungia. Yakikosa pa kutokea yatapanda, na mtayakuta juu ya vigae, usawa wa kifua.

Anzeni nje. Kwenye nyumba za umri huo uani huwa pamemwagwa saruji juu ya saruji, mpaka nje pamekuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Shusheni hadi sentimita 15 chini ya sakafu, mtelemko upeleke maji mbali na ukuta. Bomba la gata lisimwage kwenye msingi. Hili lifanyike kabla ya mvua za Machi. Bila hilo kazi ya ndani ni bure.

Ndani, bandueni simenti hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu, kwa patasi na nyundo ndogo, maana tofali la zamani hukatika uso. Unga mweupe ni chumvi. Usugueni kwa brashi kavu, msiuoshe: maji huirudisha chumvi ndani. Kisha acheni ukuta ukauke. Kadirio la mafundi ni mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wenu unaweza kuchukua miezi 9. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: rangi inapigwa wiki ya tatu kwa sababu ukuta umekauka usoni tu.

Ukishakauka, plasta ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka mbili za milimita 10, ya pili baada ya ya kwanza kushika, kisha ya kumalizia milimita 3. Funikeni kwa magunia mabichi kama wiki moja. Ikikaushwa na jua inapasuka na kupukutika. Juu yake chokaa ya maji, si rangi ya mafuta.

Mama_Hadware
Angalizo la dukani, dada au kaka. Ombeni chokaa ya kujengea. Ile ya shambani ni mawe yaliyosagwa tu, haishiki kabisa, na mifuko inafanana. Mfuko uliokaa wazi muda mrefu nao umekwisha nguvu. Loweka siku moja kabla ya kuchanganya, ikikaa wiki kadhaa chini ya maji ni bora zaidi. Vaeni glavu na miwani, inachoma macho.

Mchanga mpimeni kwenye chupa: jazeni nusu, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, acheni itulie kwa muda wa saa 3. Tope likizidi milimita 6 juu ya mchanga wa milimita 100, rudisheni.

Mpangaji_Mtelemkoni
Asanteni sana. Jikoni, nyuma ya sinki, vigae navyo haviruhusiwi?

Fundi_Chokaa
Hapo weka, safu mbili au tatu tu juu ya sinki. Visifike sakafuni.

Hati_Kwanza
Ndugu, kabla ya kutoa shilingi, hakikisha unayekatana naye kodi ndiye mwenye nyumba. Mtaa huo una nyumba nyingi za Waasia waliofukuzwa 1972. Zilishikwa na bodi ya serikali, na sheria ya 1982 ikaruhusu wenyewe kudai. Omba nakala ya hati, au cheti cha kurudishiwa mali, kisha fanya upekuzi ofisi ya ardhi ulinganishe jina. Ardhi ikiwa ya lizi, yaani ya kukodishwa kwa miaka maalumu, tazama imebaki miaka mingapi.

Makubaliano yaandikwe: kiasi kinachokatwa kila mwezi, na nani hubaki na deni ukihama mapema. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka maandishi mkataba ukifika shilingi 500,000. Risiti za chokaa na fundi zipigwe picha, mwenye nyumba asaini kila moja.