Tuliuziwa vilima vya Taita, tukaishia kituo cha mafuta Voi

Ndugu zangu wa Malindi, nimengoja siku nne nipigiwe simu na wakala wa safari aliyepokea shilingi 38,000 za familia yangu ya watu wanne. Simu haikuja, kwa hiyo ninayaeleza haya hadharani ili mwingine asilipe bila kuhoji.

Tulichouziwa kilielezwa bayana. Tungeondoka saa kumi na moja alfajiri, tupitie Kakoneni na Langobaya hadi lango la Sala, tukate Tsavo Mashariki kwa kuufuata mto Galana, tutokee Voi, kisha tupande kupitia Mwatate hadi Wundanyi, juu kwenye vilima vya Taita, kwa chakula cha mchana, na usiku turejee kwa njia ya Mariakani na Kaloleni. Ni safari ndefu, lakini anayeondoka mapema huimaliza. Mama yangu, mwenye miaka 71, hajawahi kupanda mlima. Jirani yake wa zamani, Mtaita, alikuwa akimpikia kimanga, ule muhogo unaopondwa pamoja na maharagwe, naye mama alibeba hotpoti tupu ili arudi nacho kutoka huko huko kwao.

Gari lilifika saa mbili kasorobo. Nilipomuuliza dereva, alinijibu, "Kaka, mbuga haihami."

Pale Sala ndipo nilipojua tumepuuzwa kiasi gani. Malipo ya kuingia hifadhini hayapokelewi kwa fedha taslimu. Hulipwa kwa mtandao. Wakala alikuwa na pesa zetu wiki nzima na hakuwa amelipa chochote, hivyo tulikaa juani saa moja na nusu huku dereva akizunguka na simu mkononi akitafuta mtandao.

Tulipoingia, alikwenda mbio kufidia muda, ilhali mwendo unaoruhusiwa mle ni kilomita 40 kwa saa. Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa ajili ya udongo wanaojirushia, na tulimpita mmoja akiwa na mtoto wake, karibu kiasi cha kuuona udongo uliokauka ukipasukapasuka sikioni mwake. Mama alisema, "Mwanangu, simama kidogo nimtazame huyo mdogo." Akaambiwa tumechelewa. Nani aliyetuchelewesha? Maporomoko ya Lugard tuliyaona kwenye kibao tu. Mbele kidogo gurudumu likapasuka kwa ile mbio, na saa nyingine ikapotea.

Voi tuliingia saa tisa na nusu. Dereva aliegesha kituo cha mafuta, akatuonyesha kibanda cha chipsi, kisha akanyoosha kidole: "Vilima ndivyo vile, mmeviona." Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na misitu ya huko ina ndege wasiopatikana popote pengine duniani, na mtu anathubutu kuniambia nimeviona kutoka kwenye pampu ya dizeli! Mama hakusema neno. Alirudi Malindi na hotpoti yake mapajani, imefungwa kama ilivyotoka nyumbani.

Sidai fedha zote, kwani Tsavo tuliipita, ingawa kwa vumbi na haraka. Ninadai sehemu ya Wundanyi pamoja na chakula tulicholipia, na ninataka wakala amwombe mama yangu radhi kwa kinywa chake. Stakabadhi ninayo, na ratiba waliyonitumia kwa simu ninayo. Aliyewahi kurejeshewa pesa katika hali kama hii, tafadhali anieleze alianzia ofisi gani.