Ripoti ya Marekani ya 2009: kelele zile zilitoka wapi?

Mwanachuo wa Ng'ong'ona: Shikamooni wakuu. Hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nimepewa kazi kuhusu ripoti ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, Aprili 2009, ile ya siasa kali za mrengo wa kulia. Mbona watangazaji wa kihafidhina waliwaka vile?

Fundi redio Majengo: Marahaba. Ilisema makundi hayo yangejaribu kuwavuta wanajeshi waliorudi vitani. Watangazaji hao wakadai kwamba Obama anawaita askari magaidi! Waziri Janet Napolitano akaomba radhi. Ajabu ni kwamba kazi ya kuiandika ilianza Bush akiwa bado Ikulu, na Januari 2009 ilitoka ripoti nyingine kuhusu mrengo wa kushoto. Hiyo hata mbwa hakubweka.

Muuza zabibu: Fundi, usiwaonee. Tanbihi ya ile ripoti ya mrengo wa kulia iliwataja hata wanaopinga utoaji mimba. Shangazi yangu wa kwaya kule Kongwa naye angeingia humo!

Fundi redio Majengo: Hapo umenibana, tanbihi iliandikwa ovyo. Ila hofu kuhusu wanajeshi ilikuwa na msingi: Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la serikali Oklahoma City mwaka 1995 na kuua watu 168, aliwahi kuwa askari.

Mwanachuo wa Ng'ong'ona: Asanteni. Naanzia kwenye tanbihi, umeme ukirudi.