Notisi ya siku 90 imefika (Kenya): nyumba bado inaokoleka?

mwenye_ploti
Wadau, hamjambo. Nyumba iko Ruiru, sokoni ni kama milioni 8. Deni lote pamoja na malimbikizo ni milioni 4.78, riba asilimia 14, imebaki miaka 10. Malipo ya mwezi ni 70,000, na miezi minne haijalipwa. Mshahara umekatwa, kwa mwezi hapatikani zaidi ya 55,000. Kuna wanaosema nikimbilie kortini, wengine niombe benki irefushe mkopo. Nianze na lipi? Na mnada waweza kuwa lini?

Mzee wa Rehani
Tarehe kwanza. Hizo siku 90 ni za kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Zikiisha, benki lazima itoe notisi nyingine ya kuuza, siku 40 (kifungu cha 96). Kisha dalali anakuja na yake ya siku 45, halafu tangazo la gazeti, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Jumlisha: 189. Una miezi sita hivi, usiilale.

Kagua notisi yenyewe. Inapaswa kueleza umekosea nini, ulipe kiasi gani, kufikia lini, na kwamba una haki ya kwenda mahakamani. Bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe, ndiyo ushahidi wa siku ilipotumwa.

Korti si ya kununulia muda. Ukienda kubishana kuhusu hesabu ya deni tu, majaji kwa kawaida hawasimamishi mnada, na mara nyingi utaambiwa uweke pesa kwanza. Kinachowashtua ni notisi iliyorukwa au nyumba kutothaminiwa kabla ya kuuzwa. Nyundo ikishagonga, mnunuzi analindwa na kifungu cha 99. Wewe unabaki kudai fidia.

karani_mikopo
Kuhusu kurefusha mkopo, piga hesabu kabla hujaandika barua. Milioni 4.78 kwa asilimia 14 inazaa riba ya karibu 55,800 kwa mwezi, riba tupu. Ukirefusha hadi miaka 15 utalipa kama 63,700. Miaka 20, kama 59,400. Hizo 55,000 zako hazifikii hata riba. Kuongeza miaka pekee hakukuokoi, kutakuchosha tu.

Kwa hiyo omba vitu viwili pamoja: riba ipunguzwe, na adhabu za kuchelewa zifutwe. Riba ikishuka hadi 11 kwa miaka 15, malipo ni takriban 54,300. Inabana, lakini inaingia. Peleka barua pamoja na hati za mshahara za miezi 3, taarifa ya benki ya miezi 6 na barua ya mwajiri inayoonyesha mshahara ulikatwa lini. Barua ya "naomba mnivumilie" isiyo na namba huishia kwenye faili. Na wakikubali kwa mdomo, notisi bado inatembea, dai maandishi.

Uliza pia taarifa kamili ya mkopo. Mkopo ukishakuwa mbovu, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba izidi deni la msingi (pesa ulizokopa, bila riba) lililobaki siku hiyo.

Halima wa Mthamini
Benki ikikataa 11, uza mwenyewe, tena mapema. Mnadani, bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi ndipo sheria inapoanza kushuku benki, kwa hiyo usishangae ikienda kwa milioni 6. Ukiipata 7.4 kwa mnunuzi wako, baada ya deni unabaki na karibu 2.6, kabla ya gharama. Iombe benki barua ya kuruhusu mauzo, na mnunuzi alipe benki moja kwa moja, kwa ahadi ya wakili wake. Kama umeishi humo miaka 3 mfululizo hadi kuuza, kodi ya asilimia 15 ya faida ya mauzo haikuhusu.

mwenye_ploti
Asanteni sana. Mke wangu anasema hakusaini rehani. Hiyo inavunja kila kitu?

Mzee wa Rehani
Ikiwa ni nyumba ya ndoa na anaishi humo, kifungu cha 79 kinataka saini yake au ushahidi kwamba aliridhia. Lakini usishangilie kabla ya kuona faili: omba nakala ya fomu ya mkopo, hati ya rehani na kiapo chochote chenye jina lake. Wengi husaini ukurasa mmoja kwa wakili wakausahau. Kama kweli hakuna saini, yeye ndiye aende kortini kwa jina lake, na aende kabla ya tangazo la gazeti.

karani_mikopo
Na barua ya riba ipelekwe wiki hii, saini ipatikane isipatikane.